Maneno Sita ya Kaseti

Hapana, Yaya Mapendo, dada yangu mukubwa, sikuichoma. Najua ndio kitu ungeniuliza cha kwanza, mbele hata ya kuniuliza kama ninakulaka muzuri. Kaseti iko. Iko hapa juu ya meza, karibu na mukono wangu, na mimi naiangalia kama vile mutu anaangalia imbwa ya mutu mwingine: haijaniluma, lakini siiachilii macho.

Unanijua, kalamu si rafiki yangu. Masomo nilimaliza en quatrième primaire, darasa la ine, na hata ile quatrième niliingia juu ya huruma ya mwalimu. Donc naandika kama vile naongea, wewe soma kama vile unasikia.

Habari kwanza. Sifa, mutoto wako, ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anacheka kama mulango wazi. Nguo zako tuligawa kwa matanga, kama desturi. Lile koti la kahawia Maman Régine wa kanisa alilichukua, linamubana, lakini anasema ni baridi ndio imelifanya kuwa dogo. Mimi mujomba wake ndiye ninamusukaka mutoto nywele sasa. Bamaman ba salon pale Galerie, kwa maduka yetu hapa Bruxelles, banamuangalia, kisha bananiangalia, kisha banasema: "Tonton Bahati, huyu mutoto alipita kwa courant ya umeme?" Lakini kila mara nywele zinashika siku tatu. Wewe ulikuwa unashikisha wiki mbili. Nitafika.

Bado ninauzisha kila kitu: mafuta ya ngozi, saa, kaseti, séchoir za nywele nilizotengeneza. Mutu mumoja aliniuliza juzi kama niko na dawa ya kusahau. Nikamwambia imeisha, ingine inafika mardi. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Yaya, mimi nacheka tu pale Galerie. Kufika nyumbani, Laeken, nikianza kupanda ngazi za escalier, kicheko kinabakia chini na poubelles za takataka.

Niko na woga. Bon, nimesema.

Ni juu ya film yetu. Ile ya Wajapani, ya binti wa kengele.

Unakumbuka vile tuliipata. Pale vieux marché, soko la vitu vya zamani, ndani ya carton ya kaseti za mutu aliyehama. Juu ya boîte, binti mwenye nywele za bluu na macho makubwa kama sahani. Kwa magnétoscope, machine ya kaseti ya kawaida, ilikuwa inatoa mistari tu. Nikaileta kwa ile yangu ya multisystème, inayosoma kaseti za kila inchi, ile nilikuwa ninarekodia watu wanaotumaka kaseti Goma na Bujumbura, na hapo ikafunguka. Binti wa école, eko na kengele ndogo kwa shingo. Akiiliza, anazunguka, nguo zinageuka mwangaza, na anaruka juu ya muji wa minara, anapigana na mufalme wa moshi anayetaka kufunga mbingu. Na eko na rafiki, kanyama kadogo, si paka si sungura, kenye mabawa madogo sana, hakajui kuruka.

Yote kwa kijapani. Hakuna hata neno moja la kifaransa. Na Sifa, miaka tano, alikuwa amekaa kwa tapis, kila dakika: "Mama, anasema nini?"

Wewe ulikuwa umetoka kazi, Jette, kusafisha couloirs za hôpital tangu saa kumi na mbili, mikono inanuka dawa ya javel. Ungesema "sijui." Mutu mwingine yeyote angesema "sijui." Lakini wewe ulisema: "Anasema hajakula tangu asubuhi, na leo chakula ni sombe." Ukaendelea. Film nzima. Mufalme wa moshi alikuwa anaulizia nani ameacha baiskeli kwa couloir. Mutoto alicheka mpaka akajikojolea, na mimi karibu.

Ndio nilisema: Yaya, hii ni affaire, ni biashara. Batoto bote ba hapa banasoma kifaransa, mama zao banabakia nyuma. Hakuna mutu anauzisha dessin animé, film ya michoro, kwa Kiswahili Bruxelles muzima. Tukifanya moja, tutafanya kumi. Ya kwanza ni ya Sifa, ya kujaribu, hatuiuzi.

Tulifanya Jumamosi mbili. Matelas ya kitanda kwa mulango ili bajirani basisikie, micro ya kuongelea imefungwa kwa kiti na kamba ya kiatu. Ile machine iko na bouton: unafinya, picha inabakia, sauti ya zamani inafutika na ya kwako inaingia. Basoda, baaskari ba mufalme, bote mimi niliwapa Lingala, kama jeshi la kwetu. Mufalme nilimupa sauti ya propriétaire, mwenye nyumba yetu. Binti ulikuwa wewe, ukamwita Nabintu, kama rafiki yako wa Bukavu. Kuna mahali unakohoa. Unaruka juu ya muji unaowaka moto, na unakohoa. Nilitaka kurudilia, ukasema acha, hata huko juu kuna grippe. Tulicheka. Yaya, hatukujua kile tulikuwa tunachekea.

Na kale kanyama kalikuwa hakana jina.

Ni mimi. Sitaki uende huko na wazo kwamba ilikuwa wewe. Ni mimi nilisema: kaite Sifa, mutoto atafurahi. Wewe ulikataa. Ulisema jina la mutoto halitupwi ovyo. Mimi, na kinywa changu cha marché, nikakujibu: "Yaya, ni kaseti tu." Ukaniangalia. Kisha ukasema sawa, ukashika micro.

Kisha ukagonjwa, na sauti ndio ilitangulia kwenda. Wiki za mwisho ulikuwa unaniandikia kwa karatasi, mimi nasoma pole pole, muguu kwa muguu, unachoka kuningoja. Tulikuzika. Tuligawa nguo, sufuria, viatu. Hakuna mutu alifikiri sauti. Kwetu tunajua kufanya nini na kikwembe cha marehemu, na kitanda chake, na jina lake. Sauti yake ndani ya plastiki, nani alitufundisha?

Donc Sifa alikuwa anaiangalia. Mara moja kwa wiki, kisha kila siku akitoka école. Mimi nilikuwa naona ni vizuri. Alikuwa anakaa kimya, hakulii. Nilikuwa nasema kwa roho yangu: mutoto eko na bahati, eko na mama yake kwa télé.

Ile siku ilikuwa mercredi, Jumatano, école inafungaka midi, saa sita. Niliweka kaseti, nikaingia cuisine kusonga bugali. Nilikuwa nasikia film bila kusikiliza. Naijua yote. Ule mahali muji unawaka, kanyama kako juu ya munara, peke yake, na Nabintu eko chini kwa hewa, amefungua mikono. Nilikusikia ukisema, pole, ile sauti ya kulalisha mutoto:

"Sifa, ruka. Usiogope. Niko hapa, nitakupokea."

Kisha nilisikia kiti. Kiti kinavutwa kwa pavé ya chini. Kisha baridi ikaingia mpaka cuisine. Kisha, kule chini kwa trottoir ya barabara, madame wa nyumba ya chini, ule wa imbwa, alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwa mzungu.

Nilikimbia na muiko kwa mukono. Yaya, dirisha lilikuwa wazi. Troisième étage, ghorofa ya tatu. Mutoto alikuwa juu ya kiti, muguu mumoja umeshatoka inje, kikwembe chako cha maua amekifunga kwa shingo kama yule binti. Mikono wazi. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mutoto anayengoja wamuvishe.

Nilikamata kikwembe. Kikafunguka. Kilibakia kwa mukono wangu, chepesi, bila mutoto ndani, na hapo nilikufa. Sijui ni nani alikamata muguu wake. Mukono ulikuwa wangu, lakini si mimi niliutuma. Tulianguka ndani, yeye juu yangu. Alinikasirikia. Alisema:

"Tonton, Mama alikuwa ananiita."

Bugali iliungua. Madame alipanda na imbwa yake, akafunga dirisha yeye mwenyewe, akakaa kwa kiti, akatuangalia mingi. Hakutukana. Alisema tu, pole pole ili nielewe, kwamba anampenda mutoto, na ndiyo maana mara ya pili atatelefona serikali, na watakuja kumuchukua. Nikasema merci madame. Nilisema merci kama mara kumi.

Dirisha nilipiga vis, misumari ya kuzungusha. Vis sita, ndefu. Propriétaire alikuja kuniuliza, nikamwambia ni mode ya kwetu.

Nilifikiri itabakia kati yetu. Lakini Sifa, yeye hakuona haya, alikwenda kuhadisia batoto benzake kwa kanisa: mama yangu aliniita kwa télé, tonton akakataa. Lundi iliyofuata Maman Régine alikuwa kwa mulango, na koti lako, na bamaman babili ba groupe ya maombi nyuma yake.

Unamujua. Ndiye alikuosha mbele ya kukuvika. Hakuja na ubaya. Alikaa, akakunywa chai, kisha akanieleza kama vile wanaeleza mutu muzima: mama akikufa akiacha mutoto mudogo, anabakia anamutafuta. Si ubaya, ni upendo, lakini upendo wa mufu haujui étage. Kama anamuita kwa jina na mutoto anaitika, mara ya tatu anaenda. Na ile film yenyewe, binti anazunguka anageuka mutu mwingine, anaruka kwa hewa, "hiyo kwetu iko na jina, Bahati, usinifanye nilitamke." Akasema dimanche, kisha ibada, atakuja, kaseti itachomwa ndani ya bassin kule chini inje, na mutoto atapelekwa kwa maombi, siku tatu bila kukula.

Nilifanya blague, mzaha. Nilisema plastiki ikiwaka, ba-pompiers ba kuzima moto batakuja mbele ya Roho Mutakatifu. Hakuna aliyecheka. Maman Régine aliniangalia akasema: "Unacheka juu unaogopa."

Nilikuwa naangalia lile koti.

Siku tatu bila kukula, mutoto wa miaka sita, mwenye mikono kama vijiti. Nilimwambia hapana. Alisema basi choma wewe mwenyewe, mbele yangu, na mutoto nitamuombea huku huku, na chakula chake. Ndiyo tulipofika. Nilisema sawa, dimanche.

Kesho yake, mardi, mutoto eko école, mchana kweupe, niliweka kaseti peke yangu. Nilitaka kujua. Nilijikalisha kwa divan, nikajifunga mikono, nikajiambia: Bahati, wewe ni mutu muzima, wewe ndiye ulishika micro, ulikuwa pale, ulimuona akipangusa makamasi kisha akisema yale maneno. Ni kaseti tu.

Ulisema, "Sifa, ruka. Usiogope. Niko hapa, nitakupokea."

Na nilikuwa nimesimama.

Sikuamua. Miguu ilitangulia. Nilikuwa katikati ya salon, uso kwa dirisha, na jina halikuwa hata langu. Yaya, tangu tutoke Bukavu hakuna mutu aliniambia "nitakupokea." Hakuna. Nilizima télé, nikashuka mpaka chini, nikakaa kwa escalier mpaka saa ya kwenda kumuchukua mutoto. Hapo niliacha kumuona Sifa kama mutoto aliyekosea. Alifanya tu kile mwili unafanya ukisikia mama.

Sasa sikiliza vile nilivyofikiri. Kuchoma, siwezi. Ukichomwa wewe, ule mukohoo, kile kicheko kwa mahali mufalme anapoteleza, sombe, yote inaenda, na mutoto atakuwa mukubwa akiuliza mama alikuwa anaongea namna gani, na mimi nitamufanyia sauti yako na kinywa hiki. Lakini kuacha vile iko, pia siwezi. Basi ni kufuta. Yale maneno sita, hayo tu. Bouton iko.

Na hapo mukono wa biashara uliniwasha. Nilisema: fanya copie kwanza. Mimi, ambaye nimefanya copie ya harusi za watu, za matanga, za ba-match, hata za watu wasiotaka. Nilifunga fil, waya, kati ya machines mbili. Kidole kilikuwa tayari. Kisha nikajiona miaka ijayo, mutoto eko anatafuta soksi, anakuta kaseti kwa chini ya kitanda. Anapataka kila kitu ninachoficha, unajua, hata bonbon nilizojificha mimi mwenyewe. Na nikajiona mimi, siku moja mbaya, najua iko wapi. Nilitoa fil. Ndio mara ya kwanza katika maisha yangu nimekataa kufanya copie.

Nilifanya dimanche asubuhi. Matelas kwa mulango, kama zamani. Sifa nilimukalisha kando yangu, sikutaka afikiri nimeiba kitu nyuma yake. Nilimwambia: Tonton anaingia ndani ya film. Akasema, utakuwa nani? Nikasema, mutu mupya.

Unafinya, unaongea, unaachilia. Kama unachelewa kuachilia, unakula neno linalofuata. Kinachofuata ni kicheko chako. Nilingoja muji, moto, munara. Nikafinya. Nikasema: "Sifa, usiruke. Bakia palepale. Ni mimi ninapanda."

Nikaachilia. Kicheko chako kilitoka chote. Sikukigusa, Yaya, nakuapia.

Lakini unaona shida. Picha haijui kitu. Mimi nasema usiruke, na kale kanyama kanaruka vizuri sana, na mabawa yake ya bure, pfuu, kanaanguka kwa mikono ya yule binti. Sifa aliangalia. Alirudisha nyuma, akaangalia tena. Kisha akaniambia, na uso wa juge anayekata kesi:

"Tonton, huyu hasikii."

"Na wewe unasikia?"

Alifikiri mingi. Meno hakuna, vidole kwa kinywa. Nilikuwa naogopa zaidi ya ile mercredi, juu ile mercredi sikupata wakati.

"Mimi nasikia," akasema. "Lakini kwa nini Mama hakusema?"

Nilimwambia ukweli, juu ya blague zangu ndio tulifika kwa dirisha. Nilimwambia mama hakuwa anamuita yeye, alikuwa anaita kanyama, na ni mimi mujinga nilikapa jina lake. Mama amekufa, hayuko chini ya dirisha, hapo chini kuna trottoir na baiskeli. Nilisema neno lenyewe, amekufa. Tangu matanga nilikuwa nasema "alienda." Alilia. Ndio mara ya kwanza alilia sawasawa, na kamasi, na hasira, alinipiga kwa tumbo. Kisha aliomba bugali.

Maman Régine alikuja midi na allumettes za kiberiti ndani ya sac. Nilimwambia maman, kaa kwanza, angalia na siye, kisha utachoma mwenyewe ukipenda. Alikaa kwa bord, ukingo wa kiti, na koti hajavua, kama mutu wa commune aliyekuja kukagua. Wewe ukaanza kuongea. Aliona binti akizunguka, alishika musalaba. Lakini ulipofika kwa sombe, nilimuona mabega yanashuka. Ulipokohoa, alifunika kinywa. Na mwisho, ulipocheka, Maman Régine alisema pole sana, si kwa mimi, "Mapendo alikuwa anachekaka vile vile," na akavua koti lako, akalikunja kwa magoti.

Hakuchoma. Aliomba, mingi, mpaka miguu yangu ikalala. Mutoto alikula mbele ya amen. Kwa mulango Maman Régine aliniambia siku mutoto atakaribia dirisha tena, hatakuja kuongea. Nikasema maman, siku hiyo mimi ndiye nitakuletea allumettes.

Lakini woga haujatoka, Yaya, siwezi kukudanganya. Mutoto akinyamaza dakika mbili, niko mulangoni. Ninahesabu vis. Akisema "mama" kwa ndoto zake za mchana, naenda kugusa dirisha. Sijui kama Maman Régine eko na haki. Sijui kama unasikia, kama unatutafuta, kama unakasirika juu nilikufuta kwa ulimi wangu. Nilikuwa na maneno yako kidogo sana hapa duniani, na nimechukua sita. Unisamehe. Mutoto ni mumoja.

Nitamulea. Hiyo ni ahadi, naisema bila kucheka. Nitamufundisha Kiswahili mpaka achoke nacho, nitamusuka mpaka ishike wiki mbili, nitamupeleka Bukavu siku amani itarudi, aone nyumba yetu na rafiki yako Nabintu. Lala muzuri, Yaya wangu. Lala mazima, usilale nusu.

Bon. Sasa tufanye affaire, wewe na mimi, kama pale marché. Mimi nakuachia yote iliyobaki: kicheko, grippe, sombe, wimbo wa mwisho. Kila mercredi nitakuweka, tutakaa watatu, dirisha limefungwa, utaongea mpaka mwisho wa bande ya kaseti. Wewe, kwa upande wako, usimuite. Si leo, si akiwa na miaka kumi, si siku ya ndoa yake. Mungoje mpaka awe mukongwe, asiye na meno tena, na hapo mupokee vile ulisema. Hata mimi usiniite, niko na kazi ya nywele.

Kama unakubali, usinipe alama. Nakuomba sana, hata ndogo. Usifungue mulango, usipite ndani ya ndoto, usizime taa. Nyamaza tu, na mimi nitajua tumekubaliana.

Bahati, ndugu yako